Shairi la Mwanya Wangu

Baba Neema wangu mpendwa,

Sijakuandikia tangu tukuzike kwenu Bungoma. Mwandishi ulikuwa wewe. Ulikuwa ukitoka kiwandani Thika, mikono bado inanuka mananasi, unaketi kitandani chumbani kwetu Kiuu na kufungua daftari. Kisha unanisomea, na unanikataza nisifunike mdomo nikicheka.

*Mwanya wako ni dirisha, nuru yote hupitia;*
*Miaka ije kubisha, hapo haitaingia.*

Jumapili ile tulikuwa ndio tumetoka kanisani. Kaka yangu Kamau aliingia na wanaume wawili. Alikuwa ameapa kwamba sitazaa na mtu ambaye si wa kabila letu, na mimba yangu ilikuwa ya miezi mitano. Hakusalimia. Alikupiga rungu begani, ukaanguka juu ya jiko, chai ikamwagika ikakuchoma. Alipoliona daftari alilichanachana huku akicheka. Nilimuuma mkono mpaka nikaonja damu. Akanigeuzia rungu usoni, meno yangu mawili ya mbele yakaanguka sakafuni.

Ulipoyaona meno hayo ulisimama, sijui kwa nguvu gani, ukamkaba shingo. Hapo ndipo walipokuvamia wote watatu. Walikupiga mpaka ukaacha kusonga, na baada ya hapo wakaendelea kukupiga.

Kabla ya kesi, mama alikuja kuniomba niseme ulikuwa ugomvi wa walevi. Kamau ni damu yangu, alisema. Nilimwambia damu niliyoisugua kwenye simiti siku tatu ilikuwa yako. Nikaenda kotini nikasema yote, bila meno, nikitema mate kila neno.

Siku hizi tunaishi Gatongora. Daktari aliniwekea meno mapya, yamepangana sawasawa, hayana mwanya. Shavu limeshuka upande mmoja. Nikijiangalia kwenye kioo namwona mtu ambaye hukuwahi kumjua, na siku nyingine nakasirika kwamba ulikufa kwa ajili ya uso ambao haupo tena.

Lakini shairi nililijua kwa moyo. Nililiandika upya, neno kwa neno. Mwezi uliopita Neema, uliyemwacha tumboni mwangu, alilipata kabatini, akaniuliza huyo mwanamke mrembo ni nani. Nikamwambia ni mimi. Akautazama uso wangu, kisha karatasi.

"Baba alikuona hivi?"

"Kila siku."

Akaja akanigusa kwenye kovu la shavuni, taratibu, kama mtu anayesoma kwa kidole.

Kamau anatoka jela mwakani. Mama ametuma ujumbe akisema Kamau ameokoka, nimpokee. Mimi sijasamehe, Baba Neema, na sitakudanganya wewe. Akibisha hodi nitamfungulia. Nitamsimamisha pale mlangoni asikilize shairi lako lote, mpaka ubeti wa mwisho, nikimtazama machoni. Halafu nitafunga mlango.

Pumzika, mpenzi wangu. Huku tunakutaja kila siku.

Ni mimi mke wako,
Mama Neema