Hodi ya Nne

Nizwa, Ijumaa

Mdogo wangu Rukia,

Mimi mzima, ila jua la huku halina huruma; hata chini ya mitende jasho linakutoka.

Jana alasiri, tukila halwa na kahawa, nilimsomea Bi Zuwena, shangazi wa marehemu mama, shairi la mapenzi la Warumi wa kale ninalolitafsiri kutoka Kilatini. Mwanamume kalala kizingitini kwa mpenziwe, anaulilia mlango uliofungwa mpaka kunakucha.

"Kapiga hodi ngapi?" akaniuliza.

"Hazina idadi, Bibi."

"Hana adabu huyo. Hodi tatu, basi. Hukuitikiwa, unarudi kwenu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alitikisa kikombe chake kuonyesha kahawa imemtosha, kisha akasema taratibu, "Wangu mie alikuwa na adabu. Unguja hiyo, kabla hatujahamia huku. Alipiga tatu, akenda zake. Nami nipo nyuma ya mlango, naona haya kuitikia, naingoja ya nne."

Tangu hapo shairi sijaligusa.

Nakupenda, Rukia, na hasira zako nazijua. Lakini mumeo akija tena kukutaka radhi, mwitikie hodi ya kwanza.

Dadako,
Asya