Maji ya Mji wa Mvuke

Jumanne, 4 Machi
Mhariri kapiga simu. Riwaya anaipenda – mji unaoendeshwa kwa mvuke, meli za angani, msichana fundi wa miaka kumi na sita – ila. Kila mara kuna ila! Anasema msichana wangu kaota kama uyoga. Katoka wapi? Nani kamfundisha mitambo? Mbona hana kwao? Anataka sura nzima ya maisha yake ya nyuma kufikia Jumatano ijayo, la sivyo kitabu kisubiri mwaka mwingine.

Hana kwao. Nimecheka peke yangu, kisha nikaosha kikombe changu kimoja.

Alhamisi, 6 Machi
Steshenari ninakofanya kazi hapakuwa na wateja. Nimechapa barua mbili za watu za kuomba kazi, halafu nikaandika sura aliyoitaka mhariri, sasa sura ya pili, kwa pumzi moja. Baba wa msichana ni mtunza boila, tangi la kuchemshia maji ya mvuke. Anasinzia kazini, maji yanakauka, boila linapasuka. Mji mzima unapoa. Msichana anaondoka bila kuaga.

Haikunipa tabu hata kidogo. Ndivyo walivyosema juu ya baba yangu alipofukuzwa kwenye boila la kufulia mashuka ya hospitali: alilala. Lisemwalo lipo. Yeye hakusema neno, nami miaka sita sijamuuliza. Salamu zetu hupita kwa shangazi, kama nchi mbili zenye balozi mmoja.

Ijumaa, 7 Machi
Mitambo yangu inahitaji mkaguzi. Ninayemjua ni mmoja tu. Nimempa shangazi bahasha ampelekee: sura za mitambo, basi. Kasema nisitegemee jibu, kaka yake siku hizi hata redio hawashi.

Jumamosi, 8 Machi
Mungu wangu! Sura ya pili! Nilichapisha muswada wote, nikaufunga wote. Akili niliiweka wapi? Nimepiga simu mara tatu. Shangazi anasema baba ameshaanza, kahamia mezani na miwani na penseli, na hataki kusumbuliwa.

Jumapili, 9 Machi
Sijala. Chumba changu kidogo, lakini leo kimekuwa kikubwa mno.

Jumanne, 11 Machi
Bahasha imerudi. Penseli kila ukurasa! Vali nimeiweka juu chini. Mvuke wenyewe hauonekani, kasema, huo mweupe umeshaanza kupoa. Na kwenye ukurasa wa tisa: “Mji mzima wa mvuke na sijaona kisima. Maji yanatoka wapi?”

Kweli! Kurasa mia mbili, sikuweka hata bomba. Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Kisha sura ya pili. Hakusahihisha kitu. Kachora mistari ya daftari la boila pembeni, kama lile alilokuwa akijaza kila nusu saa nilipokuwa mdogo. Kisichoandikwa hakikutokea, alikuwa akiniambia.

“Saa 8:00 mchana. Maji chini. Nimetoa taarifa.”
“Saa 8:30. Maji chini. Nimetoa taarifa. Nimeomba kuzima.”
“Saa 9:00. Nimeambiwa endelea, mashuka yanahitajika.”

Kila mstari na sahihi yake. Halafu chini kabisa: “Huyu baba hakulala. Daftari lake lilichukuliwa.”

Nimelia. Naona aibu. Miaka sita!

Jumatano, 12 Machi
Mhariri kaniandikia mara mbili asubuhi hii, sura iko wapi. Sijamjibu. Sura ninayo, lakini ni ya uongo.

Nimempigia shangazi. Kaanza kuniuliza salamu gani ampelekee. Nikasema hapana, shangazi, leo nataka kuongea naye mwenyewe. Kisha kasema ngoja.

Simu nimeilaza mezani, spika wazi. Naandika huku nikisubiri. Kiti kinavutwa. Kikohozi kile kile. Nilipanga maneno tangu alfajiri, nayaacha yote –

Shikamoo, baba.

Marahaba, kasema. Halafu:

“Haya. Maji umeyapata?”