Onesmo na Sorbonne yake

Scola uko wapi? Soma hii kwanza.

Leo washenga wamekuja kumposa Bibiana hapa Katubuka, na Onesmo mwenyewe kaja nao. Bibiana tumejifungia naye chumbani, masikio mlangoni.

Mshenga wao, Mzee Yona, kaanza sifa. Eti miaka yote ile kijana wao alikuwa Paris, kasoma Sorbonne, chuo kikongwe, huko huko aliposoma Marie Curie na baadaye akafundisha. Bibiana akanibinya mkono kwa raha.

Sorbonne, Scola. Wanakuja kutamba na Sorbonne kwetu, nyumba ambayo nusu ya ukoo imevuka ziwa kutoka Kongo.

Shangazi Eufrasia akamgeukia Onesmo, akamsemesha Kifaransa. Tukaacha kupumua. Onesmo akajibu, tena kakinyoosha kabisa. Bibiana machozi ya furaha yakamtoka.

Shangazi akamuuliza mama yake ana umri gani. Onesmo akasema septante, yaani sabini.

Septante, Scola.

Shangazi akarudi kwenye Kiswahili, taratibu, ili wote wasikie: "Baba, Paris sabini hawaiiti hivyo. Hivyo tunaita sisi wa Uvira na Kalemie. Kifaransa unacho, ila umekiokota hapo ng'ambo ya ziwa, Kongo."

Mzee Yona akataka kuingilia, shangazi akamzuia kwa mkono. "Sasa niambie, miaka yote hiyo huko ng'ambo ulikuwa unaishi kwa nani?"

Bibiana kauachia mkono wangu.