Nilisaini Ardhi ya Dada Zangu Bila Kuwaita Kikao

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniwie radhi kwa mwandiko huu unaoyumba, maana moyo wangu umechoka, miguu imevimba hadi magotini, na daktari amemwambia mpwa wangu maneno ambayo mimi sikuambiwa ila nimeyasoma usoni mwake. Nina miaka themanini na tatu. Nimefundisha historia kwa miaka thelathini na sita, na nusu ya watu wazima wa mtaa huu nimewashikia chaki mimi, kwa hiyo utaelewa kwa nini naona aibu kukiri mbele ya mtu yeyote anayenijua, nikaona afadhali nikuandikie wewe usiyenijua. Majina nimeyabadilisha. Mtaa wetu nao nisiutaje, itoshe kusema uko pale mji wa Morogoro unapoishia na mlima unapoanza.

Sisi ni Waluguru, na wasomaji wako wa mikoa mingine huenda hawajui kwamba kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, inatoka kwa bibi kwenda kwa binti zake, na mtoto wa mwanamume hana fungu katika ardhi ya ukoo wa baba yake. Mwanamume kama mimi ni mjomba, na mjomba ndiye msemaji wa ukoo, lakini hasemi la kichwani mwake. Kwanza anawaita dada zake na wapwa zake wa kike, wanakaa, wanabishana hata siku tatu, wanapika, wanagombana, wanapatana, halafu yeye anatoka nje na kusema kile walichokubaliana wao. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu mjomba wangu alipofariki, na kwa miaka mingi niliifanya vizuri.

Mwaka jana ukaja mpango wa makazi mapya. Mashamba yetu ya mteremkoni, yale ya maharage, migomba na karoti, yapimwe viwanja, zijengwe nyumba za ghorofa nne, barabara ipite katikati, familia kumi na nne zihamie kwingine na makaburi ya ukoo yahamishwe. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa kwamba wananchi watoe maoni. Kabla watu hawajakutana, akaja nyumbani kwangu Devotha, ofisa wa mradi, mwanafunzi wangu wa zamani, akapiga magoti mlangoni, "Shikamoo Mwalimu," akakunjua ramani mezani kwangu na kuniuliza naonaje, na mshauri, tangu nistaafu hakuna mtu aliyewahi kunikunjulia ramani akaniuliza naonaje. Nikavaa miwani. Nikaongea saa nzima. Ndipo akasema, "Mwalimu, tunahitaji barua ya ukoo tu. Nyie Waluguru si mjomba ndiye anayesema?"

Nikamjibu ndiyo, ndiye.

"Basi huna haja ya kujisumbua kukusanya watu, na afya yako hii."

Nilijua kwamba haja ilikuwepo. Nilijua pia kwamba wanawake wa ukoo wangekataa, maana nilishamsikia Hafidha, mtoto wa marehemu dada yangu, akisema kabla barabara haijapita juu ya kaburi la bibi yake itaanza kupita juu yake yeye. Lakini Devotha alikuwa ameniambia kwamba watakaotoa ushirikiano mapema watatengewa viwanja vyenye hati humo humo mteremkoni, na hati inaandikwa jina lolote utakalo, na hapo nikamfikiria mwanangu Yusuph. Mama yake Yusuph alikuwa binti wa mfanyakazi wa mashamba ya miwa kule Turiani, watu waliotoka mbali, na kwao ardhi inapita kwa baba, na kwetu inapita kwa mama, kwa hiyo mwanangu akaanguka katikati, hana kwa baba wala kwa mama. Ana miaka hamsini, anauza vitunguu Dumila, anaishi chumba cha kupanga, na kila Idi akija anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango kama mgeni. Nikaandika barua kwa mkono wangu mwenyewe kwamba ukoo umekaa, umejadili na umeridhia. Nikasaini. Nikampigia Yusuph kumwambia ana kiwanja, sikumwambia kimetokana na nini, akasema, "Kumbe na mimi nina kwetu, baba." Sauti ile ninayo mpaka leo.

Sasa sikia kilichofuata. Mkutano wa mtaa ulipofanyika mimi nilikuwa nimeshalala kitandani, sikuhudhuria, Hafidha ndiye aliyenisimulia huku akiigiza sauti za watu. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Athanas, alisimama na kusoma barua kwamba ukoo wenye eneo umeridhia. Athanas alikuja hapa miaka thelathini iliyopita kufanya kazi kiwandani, amezaa hapa, amezika hapa, lakini bado anaitwa mtu wa kuja. Hafidha akamwinukia.

"Mwenyekiti, hiyo barua umeiandika wewe!"

"Dada Hafidha, mimi nimeletewa kwenye bahasha. Nasoma nilichopewa."

"Mjomba wangu hata kijiko namshikia mimi, hiyo kalamu alishikiwa na nani? Na wewe?"

Watu wakacheka, na kicheko cha mkutano unakijua, kikishaanza hakirudi. Mzee Abeid akapiga kelele kutoka nyuma, "Muulizeni kwanza makaburi ya kwao yako wapi, ndipo atupangie ya kwetu!" Mkutano ukavunjika. Tangu siku hiyo mke wa Athanas, Pendo, anakaa na nyanya zake gengeni mpaka zinaoza, hakuna mwanamke wa ukoo wetu anayenunua kwake, na wiki iliyopita mlango wao ulipakwa kinyesi. Hafidha ananisimulia haya huku akinikanda miguu, na anamalizia, "Usijali mjomba, jina lako hatutaacha lichafuliwe."

Siku mbili baada ya mkutano Athanas alikuja kuniona. Hafidha alikuwepo, amenishikia bakuli la uji. Athanas akavua kofia, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Sitakusumbua. Niambie tu, ile saini ni yako?" Mshauri, nilifumba macho. Nilijifanya nimepitiwa na usingizi, mdomo wazi, uji ukinitoka kidevuni, mimi niliyekuwa nikiwachapa watoto kwa kusema uongo. Hafidha akamwambia, "Umeona? Huyu ndiye aliyekuandikia barua?" Athanas akasema, "Basi, apumzike," akaondoka, na hajarudi.

Nikiwa na miaka kumi na mitatu niliwaona wazee wetu wa milimani wakikataa kuchimba matuta ya mkoloni ya kuzuia mmomonyoko. Matuta yenyewe hayakuwa na ubaya mkubwa, walikataa kwa sababu hakuna aliyewauliza. Hadithi hiyo nimeifundisha darasani mara nyingi sana, nikiwaambia watoto msikubali mtu awasemee bila kuwasikiliza.

Mkutano wa mwisho wa kutoa maoni ni Jumamosi ya wiki ijayo. Baada ya hapo mpango unakwenda juu, na watu wa mradi wanasema barua ya ukoo inatosha. Mimi sidhani kama nitaimaliza miezi miwili. Nimefikiria kuandika ukweli wote, niufunge kwenye bahasha nimkabidhi imamu wetu, aufungue baada ya kunizika. Nikimwambia Hafidha sasa ataondoka, na sina mwingine wa kunigeuza kitandani. Tena kiwanja cha Yusuph kitapotea. Je, bahasha kwa imamu haitoshi? Mungu si anaona kwamba nimeandika?

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu, Morogoro

JIBU

Shikamoo, Mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilikasirika, na nakujibu nikiwa bado na hasira, kwa hiyo utanisamehe. Nimewaomba wahariri waitoe wiki hii hii, mbele ya barua nyingine.

Bahasha kwa imamu haitoshi. Mkutano ni Jumamosi ijayo, na wewe unapanga kusema ukweli baada ya mazishi. Familia kumi na nne zitakuwa zimeshaambiwa zifungashe. Athanas atakuwa ameshahama, au mtu ameshamtupia jiwe. Halafu bahasha ikifunguliwa, watu wa mradi watasema mzee alikuwa mgonjwa, hakujua anachoandika. Nani atawajibu? Maiti haulizwi swali, Mwalimu, na nadhani hicho ndicho unachokitafuta.

Mungu anaona, ndiyo. Aliona pia ulipofumba macho mbele ya Athanas. Hujajiuliza kwa nini alikuja? Mwenyekiti wa mtaa anaona mwandiko wa watu kila siku, na wako wewe, mwalimu wa mtaa mzima, anaujua. Hakuja kukuuliza saini ni ya nani. Alikuja kukupa nafasi ya kusema mwenyewe, kisha akaondoka na aibu yako akaibeba yeye na mkewe. Angeweza kupiga kelele hapo hapo kitandani pako. Huyo mnayemwita mtu wa kuja amekuheshimu kuliko ulivyowaheshimu dada zako.

Kwa Yusuph nimesita kidogo. Baba kumtakia mwanawe mahali pa kuita kwao si dhambi, na mila iliyomweka mtoto kwenye kiti cha mlangoni kila Idi ina swali la kujibu. Lakini swali hilo ungewauliza wenye ardhi. Ungemwita Hafidha na wenzake ukawaambia, huyu ni damu yangu, mpeni hata pa kujenga chumba. Labda wangekataa. Labda wangekupa. Hutajua, kwa sababu uliona rahisi zaidi kuchukua. Umempa mwanao mahali ambapo siku ya kwanza akichimba msingi atakuta mifupa ya bibi yako, na majirani watakaomtemea mate. Hapo si kwao, Mwalimu. Mpigie simu leo umweleze kiwanja kimetoka wapi, naye aamue kwa akili yake. Ana miaka hamsini, si mtoto.

Sasa fanya hivi. Mwambie Hafidha kwanza, mkiwa wawili tu, wala si wakati amekushikia bakuli au anakukanda miguu. Mwambie akae chini. Usianze na ugonjwa wako, usianze na Devotha, wala usianze na miaka yako ya ualimu. Anza na sentensi hii: "Barua ile niliiandika mimi, na sikuwaita." Halafu aitwe Athanas na mtendaji wa mtaa, waje na wanawake wa ukoo, useme hivyo hivyo mbele yao wote, na umwombe Athanas radhi kwa jina lake, na Pendo kwa jina lake. Iandikwe barua ya kutengua ile ya kwanza, uisaini, mashahidi wasaini, nakala zibaki kwa watu watatu tofauti. Pumzi yako ni fupi, kwa hiyo mtu akurekodi kwenye simu, tarehe itajwe, uulizwe jina lako na siku ya leo ili asije mtu kusema ulikuwa hujitambui. Yote yakamilike kabla ya Alhamisi. Usingoje Ijumaa.

Je, barua hiyo itauzuia mpango? Sijui. Mipango mingine hupita hata watu wakikataa wote kwa sauti moja. Lakini hao watu wana haki ya kukataa kwa midomo yao, na hiyo uliwanyang'anya wewe, si Devotha.

Na Hafidha anaweza kuondoka. Sitakudanganya. Inawezekana siku zako zilizobaki utageuzwa na jirani, kwa mikono isiyo na upole. Huenda akabaki, akakuhudumia bila kukusemesha, na hilo huenda likakuuma zaidi. Usimwombe abaki. Usimkumbushe kwamba unakufa, analijua kabla yako. Akiuliza kwa nini, mjibu. Akitukana, sikiliza. Ukishamaliza sentensi yako, mjomba, nyamaza, mwache aseme yeye.