Mama Anacheka, Damu Inasema Mengine

Shoga, uko wapi? Mama amerudishwa chumba cha upasuaji. Sasa hivi! Naandika haraka, nivumilie.

Leo ni siku ya nne tangu wamkate kipande cha utumbo na kuziunga ncha zake. Asubuhi alikuwa mzima kabisa. Hana homa, ananitania eti nimenenepa.

Akaja mtu wa maabara kutoa damu tena. Nikamfokea mbele ya wodi nzima: "Kila siku damu, damu, nyinyi ni kunguni?" Mama alicheka mpaka akashika mshono.

Baada ya saa mbili daktari akaja mbio mbio. Kumbe kuna kitu wanakipima kwenye damu, kinapanda kukiwa na uvimbe au maambukizi ndani, na kiwango chake kilitakiwa kishuke leo. Kimepanda maradufu. MARADUFU!

Nikamwambia, "Lakini si unamwona anacheka?"

Akanijibu taratibu, "Damu imetangulia kusema, dada. Homa ingekuja baadaye."

Wakampiga picha ya tumbo. Pale walipounga panavuja.

Mama akaniuliza, "Mbona umenyamaza?" Nikajifanya namnyooshea shuka. Mimi, shoga! Mimi!

…

Ametoka. Yuko hai. Daktari anasema tundu lilikuwa dogo, uchafu haujasambaa, wameliziba. Tungengoja homa, saa hizi tungekuwa tunaongea mengine.

Bado hajaamka. Nimekaa kando yake namtazama kifua kinavyopanda na kushuka. Kikikawia kupanda, na mimi pumzi inakatika. Njoo, tafadhali. Siwezi kutazama peke yangu.