Kitovu Kilichozama

Jinja, 11 Februari 2024

Wifi yangu Docus,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mtoto, na baridi ya mlima Wanale isiwe imekushuka kifuani. Huku tuko salama. Mgongo wangu ni ule ule, na vitenge vyangu sokoni vinashikwashikwa zaidi ya kununuliwa.

Usishangae kuona karatasi. Nyinyi askari wa magereza simu mnaziacha getini kwa afande wa zamu, na mimi sipendi maneno yanayofutika. Mtu akiandika, ameandika. Nimemkabidhi Waiswa wa basi.

Nashukuru mlivyonipokea kwenye arobaini ya kuzaliwa kwa Swaib. Nilikula, nililala, sina lawama. Lakini macho yangu hayana adabu, huona hata yakiwa ugenini. Mtoto ni mkubwa mno. Ulimi unachungulia nje hata akilala. Ndewe za masikio zina mikunjo kama mtu amezikata kwa ukucha. Mguu wa kulia umeuzidi wa kushoto. Na mlisema siku aliyozaliwa utumbo ulikuwa unasukuma kitovu mpaka akapasuliwa. Sisi wa kwa Mzee Mukose ni watu wembamba. Magid nilimbeba mgongoni tangu mama yetu alipofariki, hakuwahi kunilemea. Huyu nilimpakata kidogo tu, mkono ukafa ganzi.

Halafu yule Afande Ojok, jirani yenu hapo kota. Mtu mwenye mwili kama mlango! Aliingia bila hodi, akamnyanyua mtoto, mtoto akatulia.

Wifi, miaka minane mlikaa bila kuzaa. Nimerudisha hesabu nyuma, mimba iliingia Ramadhani. Ramadhani ile Magid alikuwa Juba na lori lake, mwanzo hadi Idi. Najua, kwa sababu tende za kufuturu nilimtumia mimi. Nifafanulie.

Wifi yako,
Nusifa

—

Mbale, 20 Februari 2024

Wifi Nusifa,

Salamu nyingi kutoka huku. Swaib anaendelea, ila kunyonya kunamchosha kwa sababu ya ulimi. Pole na mgongo. Punguza kubeba marobota, mwachie Hajarah wa kibanda cha pili akusaidie.

Barua yako nimeisoma nikiwa zamu, nikairudia nyumbani. Habari ya Ramadhani muulize kaka yako. Si kwamba sina jibu. Jibu ni lake, nami nilimwahidi. Wazee walisema kitanda hakizai haramu, na mimi sijawahi kuwa na kitanda kingine.

Afande Ojok ni mume wa rafiki yangu Brigid, na ndiye aliyetukimbiza hospitali usiku wa uchungu. Kama kumnyanyua mtoto ni kosa, basi nusu ya kota wana kesi.

Na mimi nina swali. Ulipoondoka, kitambaa chekundu kilichofungiwa kitovu cha mtoto hakikuonekana tena. Nimetafuta chini ya godoro na ndani ya sanduku. Wageni wengine hawakuingia chumbani.

Wifi yako,
Docus

—

Jinja, 3 Machi 2024

Docus,

Salamu. Nimepona, usijisumbue kuniuliza.

Kitovu nilichukua mimi. Sikuiba. Mimi ni senga wa mtoto, dada wa baba yake, na kwetu mtoto hapewi jina la ukoo mpaka senga aone kitovu chake kimesemaje majini. Shekhe akinisikia atanifukuza msikitini, lakini mambo mengine tumeyakuta na tutayaacha.

Nilikwenda kwa Bibi Namukose, yeye ndiye anayejua. Tukaweka beseni, maji, maziwa kidogo, samli kidogo. Mtoto wa damu kitovu chake huelea. Cha mwanao kilikwenda chini moja kwa moja, kama jiwe. Bibi alinitazama, mimi nikatazama ukuta.

Magid alipita hapa juzi akirudi Juba. Nimemwambia. Nimewaambia na wenzake wa yadi ya malori, maana walikuwepo na wameniuliza kwa nini nimevimba macho. Alikula wali wote, akalala.

Unasema kitanda hakizai haramu. Sawa, lakini mwenye kitanda naye awe nyumbani.

Nusifa,
dada wa Magid

—

Mbale, 28 Aprili 2024

Wifi Nusifa,

Nakusalimu, ingawa sijui kama salamu yangu bado inaingia kwako. Swaib ameanza kucheka. Idi imepita, Magid hakuja. Nikimpigia, simu inaita mpaka inachoka. Sasa nasema, maana aliyeniapisha amenikimbia.

Miaka minane hiyo tatizo halikuwa langu. Mbegu za Magid zilikuwa chache na dhaifu. Tulikwenda Kampala, kwenye kliniki ya kupandikiza mimba. Walitoa mayai yangu, wakatoa mbegu zake, wakachagua mbegu moja moja na kuiingiza kwenye yai kwa sindano. Hiyo ilikuwa Januari ya mwaka jana, Magid akiwa nami. Tumbo langu halikuwa tayari, wakayahifadhi kwenye baridi kali. Ramadhani ndipo waliponipandikiza. Magid yuko Juba, mimi nimepelekwa na Brigid na mumewe. Hiyo ndiyo hesabu yako.

Kuhusu kitovu, kaa chini kwanza. Cha Swaib hakikuwepo. Kilikwenda na pamba za hospitali siku ile alipopasuliwa. Nilijua senga atakuja, nikaogopa utauliza kiko wapi. Brigid alikuwa amejifungua wiki ile ile. Yeye ni mlokole, mambo ya vitovu anayaita ya shetani, alitaka kukitupa chooni. Nikamwomba anipe mimi hicho cha mwanawe. Ulichozamisha wewe ni kitovu cha mtoto wa Afande Ojok.

Na maumbile ya Swaib, nimeelezwa na Daktari Mafabi baada ya damu yake kupelekwa nje na majibu kurudi. Alisema hivi. Kila mtu ana vinasaba vya baba na vya mama, na juu yake kuna alama zinazoamua kipi kifanye kazi na kipi kinyamaze. Kuna kimoja cha kuzuia mwili usikue kupita kiasi, na hicho hufanya kazi upande wa mama tu. Kwa Swaib, alama za upande wangu zimefutika siku zile za mwanzo kabisa, kabla hata hajawa na umbo. Mlinzi wa mama amesinzia zamu. Sehemu yangu imekuwa inafanya kama ya baba. Nilimwuliza kama ni maabara iliyofanya hivyo. Akasema watoto wa kawaida nao huzaliwa hivi, ila wa maabara huonekana kidogo zaidi, na kama ni maabara yenyewe au ni ule udhaifu uliotupeleka huko, hakuna anayeweza kuapa.

Umeelewa, wifi? Unasema hana kitu cha baba yake. Ugonjwa wake ni kwamba mahali pale baba amezidi.

Watoto hawa huweza kuota uvimbe kwenye figo au ini. Kila miezi mitatu anapigwa picha ya tumbo. Muulize Magid. Yeye anajua ya Kampala yote.

Mama Swaib

—

Jinja, 15 Mei 2024

Docus,

Salamu zako zimeingia, nimeziacha mlangoni.

Nimemwuliza Magid. Ameniapia kwamba hajawahi kukanyaga kliniki yoyote ya Kampala. Kwa masikio yangu haya.

Sasa niambie, nimwamini nani? Wewe uliyenifungia kitovu cha watu kwenye kitambaa chekundu, ukanipikia na kuku juu yake? Mwanamke anayebadilisha kitovu atashindwa nini? Na hata nikikubali kwamba maabara ipo, nani alikaa pale kuangalia chupa ipi ni ya Magid? Sokoni tu vitenge huchanganyika, na vina rangi. Na hizo alama zinazofutika, mbona zimefuta sura yetu tu?

Kitovu kilizama kwa haki. Kilisema si cha Magid, na kweli hakikuwa chake. Aliyedanganya ni mtu, si beseni.

Usiniandikie tena mambo ya vinasaba.

Nusifa

—

Mbale, 9 Agosti 2024

Dada wa Magid,

Hujambo na watu wako. Sitaandika ya vinasaba.

Picha ya Mei ilikuwa safi. Hii ya juzi imeonyesha uvimbe kwenye figo ya kulia, mdogo, kama punje ya haragwe. Daktari anasema tumeuwahi, na wanaowahiwa wengi hupona. Atapasuliwa Kampala mwisho wa mwezi. Ameota meno mawili. Ukimpakata humponyoki, maana anakushika shingo.

Sikuombi uniamini. Nilikudanganya mara moja, najua uongo unavyokula mpaka ukweli wa jirani yake. Mwambie tu kaka yako mambo mawili. Mtoto anapasuliwa. Na damu watatoa hata hivyo, kwa hiyo akitaka kujua kama ni wake, aje naye atoe yake siku hiyo hiyo, mbele yako. Mimi nimeshakubali.

Ninaogopa, Nusifa. Mchana nafungua na kufunga milango ya wafungwa na sijui nimefungua upi.

Docus

—

Jinja, 22 Agosti 2024

Wifi yangu Docus,

Assalaam alaykum. Mtoto anaendeleaje? Jibu usiniandikie, utaniambia mdomoni.

Barua yako nilimsomea Magid hapa sebuleni. Kwenye habari ya uvimbe aliziba uso. Kwenye habari ya damu akasema hana nafasi, lori linaondoka. Lakini wifi, mtu aliyeibiwa ukimwambia polisi wako mlangoni, huwakimbilia. Huyu alikuwa anawakimbia. Ndipo shaka yangu, ambayo miezi yote ilikutazama wewe, ikageuza shingo ikamtazama yeye.

Kesho yake nikakaa nachambua mchele, yeye kainamia simu. Nikasema kama anayesema peke yake, “Maskini Docus, na ngazi zote zile za kliniki ya Kampala.”

Akajibu bila kuinua macho, “Hakupanda ngazi, pale kuna lifti.”

Niliacha mchele. Naye akaacha simu. Njia ya mwongo ni fupi, ila sikujua kwamba inapita nyumbani kwangu.

Alilia sana. Alisema afadhali watu waseme mkewe ni malaya kuliko waseme yeye mbegu zake hazifai. Nikamwambia basi inuka, twende kwa mwanao. Akasema yadi nzima ya malori imeshasikia kwamba kitovu kilizama, na akirudi kwako itabidi aeleze. Akaniuliza, “Si wewe mwenyewe uliyewaambia?” Naona aibu, Docus, na aibu yangu haikusaidii kitu.

Amebaki chumbani. Ni mtoto wangu niliyemlea, nitarudi nimshughulikie. Kwanza huyu mwingine.

Sikufichi, ya alama zinazofutika bado sijayaelewa. Lakini mtoto anayekatwa tumbo hawezi kusubiri senga amalize kuelewa. Keshokutwa napanda basi la Waiswa nije huko, twende Kampala pamoja. Nitalala naye hospitali, wewe upumzike. Mgongo wangu umezoea sakafu. Mwombe Afande Ojok asije kunipokea, nimemtukana sana moyoni na siwezi kumtazama siku ya kwanza. Kitovu cha mwanawe nakuja nacho kwenye kitambaa chake. Brigid akikikataa, Ojok mwenyewe akiamulie.

Na wakikuuliza jina la mgonjwa, usiwape nusu. Mwambie mwandishi aandike Swaib Mukose. Jina la baba yetu hutolewa na senga, na nimeshalitoa. Beseni nimempa Hajarah afulie.

Senga wa Mukose