Mstari Uliopita Makaburini

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Natumaini mgongo umekuachia sasa, maana ukiugua wewe nyumba nzima inalala chini. Sisi huku hatujambo, tunasukuma siku. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi. Jana kamfukuza fundi bomba kwa sababu kaingia na viatu, na bomba bado linavuja.

Nimechelewa kukujibu, najua. Uliniuliza ni lini nitakuletea mwanao azikwe upya huko karibu nawe, na mimi nikawa kimya kama maji mtungini. Nivumilie nieleze taratibu.

Kazi yenyewe imefika mbali. Ule ukuta wa pwani uliokuwa ukibomoka kila mwaka sasa tunauvunja wenyewe, makusudi, na watu wanatuona vichaa. Lakini bahari inapanda, Dada. Kila ukuta ukiongezwa, maji yanazunguka na kuingia kwa nyuma. Kwa hiyo tunayaachia bonde la chini yaingie na kutoka yanavyotaka, tunapanda mikoko humo, na nyumba za huku juu zinapona. Ndiyo kazi yangu hiyo, ambayo wewe unaiita kuchora nyasi. Na bonde la chini, kama unavyojua, ndilo lenye makaburi.

Siku ile uliponipigia ulisema kwamba angekuwa mwanangu mimi, mstari wa maji kwenye ramani yangu ungepinda. Yalinichoma maneno hayo, nikakata simu, nisamehe. Sikukwambia kuwa nilishaupinda. Nilichora ramani upya, nikayapitisha maji kando ya makaburi, nikampelekea mhandisi wetu, mama mmoja mkali asiyecheka ovyo. Akaitazama, akaniuliza nani wangu amelala pale. Nikamwambia mpwa wangu. Akanipa pole, kisha akanionyesha kwa kidole maji yatakakokwenda: shule ya msingi, na mtaa wote ulio nyuma yake. Nikaunyoosha mstari mwenyewe, pale pale mezani kwake. Hakuna aliyenilazimisha.

Basi wiki iliyopita ikafika zamu yetu ya kuhamisha kaburi. Nilikwenda na Kaka, asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Jiwe la mtoto lilikuwepo, limeinama kidogo. Wachimbaji walichimba kwa heshima, sina la kuwalaumu, ila shimo halijafika hata magotini maji yakaanza kuchuruzika. Wakaweka makoleo pembeni, wakatumia mikono. Mwishowe nikashuka mimi, nikapapasa.

Dada, kama umesimama, kaa. Hatukumkuta. Alikuwa mdogo mno, mtoto wa miezi mitatu, na mchimbaji mmoja alituambia kwamba maji ya chumvi yamekuwa yakiingia chini kwa chini miaka mingi, mifupa laini kama ile haihimili. Hata uzi wa ile shuka uliyomfunika hatukuuona. Mimi huku nachora, nafuta, nagombana na mhandisi, kumbe bahari ilishampitia zamani.

Kaka alisema tujaze udongo kwenye lile sanduku dogo tulilokwenda nalo, tupigilie misumari, tukuletee uzike, moyo wako utulie, na siri hiyo tufe nayo. Alikuwa analia, na Kaka unamjua, hata kwenye msiba wa Baba hakutoa chozi. Udongo tumejaza. Sanduku liko chumbani kwangu juu ya kabati. Nimejaribu kukuandikia kwamba kila kitu kiko tayari, nimeshindwa. Wewe ndiye uliyemzaa. Siwezi kukuacha ulilie udongo ukidhani ni yeye.

Ila ni udongo aliolalia, hilo nakuhakikishia. Ukiutaka, nitauleta mwenyewe na tutauzika pamoja. Usipoutaka, nitaurudisha pale alipolazwa, kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu wakati huo ndipo tunapobomoa kipande cha mwisho cha ukuta. Amua unavyotaka, nami nitafanya hivyo hivyo.

Msalimie sana shemeji, na wanao wabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu. Yeye hatujamwambia. Kila asubuhi ananiuliza kama mjukuu wake ameshafika kwako, nami namjibu bado yuko njiani.

Ni mimi mdogo wako.